Leseni ya baa ya ufukweni iamuliwe kabla nguzo hazijasimama

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo kwa sasa linajadiliwa katika mtaa wetu hapa Mwanza, lakini ambalo nina hakika linawagusa pia wasomaji wako wa Bukoba, Musoma, Kigoma, Tanga na Dar es Salaam, kwa sababu kila mji ulio kando ya maji una mtu anayetaka kufungua baa ufukweni, na una watu waliokuwa wakilala karibu na ufukwe huo kabla yake. Katika mtaa wetu kuna mwombaji anayetaka leseni ya kuuza vileo katika kiwanja kilicho kati ya nyumba za watu na maji ya Ziwa Victoria. Sitamtaja, wala sitautaja mtaa, kwa kuwa maombi yake hayajaamuliwa na kwa kuwa ninayotaka kuyasema hayamhusu yeye peke yake.

Ninachosema ni hiki: uamuzi wa kutoa au kunyima leseni ya namna hii unapaswa kufanywa kabla ujenzi haujaanza, mbele ya watu wanaoishi hapo, na kwa kupima mambo yanayopimika. Kwetu mambo yameanzia mwisho. Nguzo zimeshasimama, sehemu ya paa imeshaezekwa kwa makuti, zege la kaunta limeshamwagwa, na sasa ndipo fomu zinazunguka kutafuta sahihi na mihuri.

Mpangilio huu si jambo dogo la utaratibu. Wajumbe wa bodi ya leseni za vileo ni binadamu, na wanapofika mahali wakakuta mtu ameshazika mamilioni ya shilingi ardhini, pengine akiwa na mkopo wa benki juu yake, swali walilokuja nalo hubadilika bila wao kutambua. Walikuja kuuliza kama baa inafaa kuwapo hapo. Wanaondoka wakijiuliza watamnusuruje mtu huyu asipate hasara. Jirani anayesimama kupinga siku hiyo huonekana ana wivu au anachukia maendeleo ya mwenzake, ilhali kama angeulizwa miezi sita kabla, wakati kiwanja kikiwa bado kina majani, angeonekana kuwa ni mkazi anayetoa maoni yake. Anayeomba leseni baada ya kujenga anaiweka bodi katika hali ya kuhurumia, na sidhani kama Sheria ya Vileo ya mwaka 1968 ilitungwa ili bodi zihurumie.

Fomu ya maombi hupita katika mikono mingi: mtendaji wa mtaa, mtendaji wa kata, afisa afya, polisi. Kila mmoja hutazama kipande chake. Afisa afya atatazama vyoo na sehemu ya kuoshea vyombo, polisi watatazama usalama, na mtendaji atathibitisha kwamba mwombaji anajulikana. Hakuna hata mmoja kati yao ambaye kazi yake kwenye fomu hiyo ni kuuliza kama watu wa nyumba ya jirani wataweza kulala. Swali hilo lina mahali pake pa kuulizwa, nako ni kwenye mkutano wa wakazi wa mtaa, lakini mara nyingi sahihi ya mtendaji huchukuliwa kana kwamba ndiyo mkutano wenyewe. Ibara ya 21 ya Katiba yetu inampa kila raia haki ya kushiriki kwa ukamilifu katika kufikia uamuzi juu ya mambo yanayomhusu yeye na maisha yake. Sijui jambo linalomhusu mtu kwa karibu zaidi ya usingizi wa watoto wake.

Majirani zetu wamelifikiria jambo hili. Kenya, kwa sheria yao ya udhibiti wa vileo ya mwaka 2010, kamati ya leseni haitakiwi kutoa leseni mpya ya baa mpaka ijiridhishe kwanza kwamba kuwapo kwa baa katika eneo lile mahususi kuna maslahi ya umma, na sheria hiyohiyo imeziweka baa mbali na shule kwa umbali wa mita 300. Huko England na Wales, chini ya sheria ya leseni ya mwaka 2003, mwombaji analazimika kubandika tangazo kwenye eneo lenyewe kwa siku 28 ili kila apitaye alisome, na jirani anaweza kupeleka maoni yake kwa maandishi kabla uamuzi haujatolewa; hata leseni ikishatolewa, mkazi anaweza kuomba ipitiwe upya kama baa imegeuka kero. Sipendekezi tuige kila kitu. Lakini karatasi moja iliyobandikwa kwenye mti kwa mwezi mmoja haigharimu halmashauri yoyote fedha za kutisha, na ingekuwa imetuondolea sehemu kubwa ya ugomvi uliopo sasa.

Nije kwenye kelele, kwa sababu ndizo zinazoleta mabishano mengi na ndizo tunazozijadili bila kipimo. Huyu anasema muziki utakuwa wa chini, yule anasema utakuwa wa kutisha, na wote wawili wanakisia. Kanuni za viwango vya kelele na mitetemo zilizotungwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira zinaweka kikomo cha desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 50 mchana na 35 usiku katika majengo ya makazi, na desibeli 55 mchana na 45 usiku pale makazi yanapochanganyika na biashara na burudani. Usiku, kwa kanuni hizo, huanza saa nne, wala si pale wateja wanapoamua kuondoka. Desibeli 35 ni sauti iliyo juu kidogo tu ya mnong'ono, na Shirika la Afya Duniani limekuwa likishauri kwamba ndani ya chumba cha kulala sauti isizidi desibeli 30 ili mtu apate usingizi mzuri.

Sasa tuchukue spika ya baa ya wazi inayotoa desibeli 100 kwa mtu aliyesimama mita moja mbele yake, kiasi ambacho si cha ajabu kwa baa zetu. Mahali pasipo na kizuizi, sauti hupungua kwa takriban desibeli 6 kila umbali unapoongezeka mara mbili. Kwa hesabu hiyo, kwenye mita 2 tutakuwa na desibeli 94, kwenye mita 16 tutakuwa na 76, kwenye mita 64 tutakuwa na 64, na kwenye mita 128 bado tutakuwa na 58. Nyumba ya kwanza kutoka kiwanja kinachozungumziwa haifiki hata nusu ya umbali huo wa mwisho. Na kwa kuwa sikio la binadamu husikia ongezeko la desibeli 10 kama sauti iliyokuwa maradufu, desibeli 58 dirishani kwa mtu anayestahili 35 si ziada ndogo ya kuvumiliana kijirani. Ni kelele inayosikika karibu mara tano ya ile iliyoruhusiwa. Hata ukienda zaidi ya nusu kilomita, hesabu hiyo inakuletea desibeli kama 46, ambazo bado zinazidi kikomo cha usiku cha eneo lililochanganyika na burudani.

Hiyo ni hesabu ya jumla, na ufukwe wa Mwanza una mambo yake yanayoifanya iwe mbaya zaidi. Maji yaliyotulia hayamezi sauti kama udongo, nyasi na miti vinavyomeza. Huirudisha, ikasafiri mbali. Kisha mji wetu umejengwa juu ya vilima na miamba, nyumba zikipandana ngazi kwa ngazi kuanzia ufukweni kwenda juu, hivyo ukuta wa baa au nyumba ya mbele haimkingi aliye nyuma, kwa sababu aliye nyuma yuko juu na dirisha lake linatazamana na spika moja kwa moja. Nyumba nyingi zina paa la bati na madirisha ya nyavu ambayo watu huyaacha wazi usiku kwa ajili ya joto. Anayetushauri tufunge madirisha ajue kwamba kufunga dirisha humpunguza mwimbaji lakini hakuupunguzi mdundo mzito, ambao hupenya ukutani na kutetemesha dari, na ambao kipimo cha kawaida cha desibeli huupa uzito mdogo kuliko unaousikia kifuani ukiwa umelala.

Kwa sababu hizo, ukaguzi unaofanywa saa tano asubuhi, wakati muziki umezimwa na wahudumu wanafagia, hauwezi kumwambia mtu yeyote lolote kuhusu kelele. Nimesikia mara kadhaa kwamba wakaguzi walikwenda mahali fulani wakakuta kuko shwari. Bila shaka walikuta shwari. Kama bodi inataka kujua, mwombaji alete spika atakazotumia, azifungue Jumamosi moja baada ya saa nne usiku kwa muda uliokubaliwa, na mkaguzi asimame na kipimo chake chumbani kwa mkazi, si getini kwa mwombaji. Jaribio la nusu saa lingemaliza mabishano ya miezi mingi.

Wapo watakaouliza kwa nini baa ndizo zinazosemwa wakati kuna nyumba za ibada zenye vipaza sauti na kumbi za harusi zinazokesha. Ni swali la haki, na jibu langu ni kwamba kanuni za kelele hazikutungwa kwa ajili ya baa peke yake. Mwaka 2023 Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, lilipofungia kwa muda baa na kumbi za starehe katika miji kadhaa kwa sababu ya kelele, mjadala huohuo ulizuka. Lakini kosa la mmoja halimpi mwingine ruhusa, na zaidi ya hapo, baa hii bado haijafunguliwa. Ni rahisi sana kuzuia kelele ambayo haijaanza kuliko kuizima iliyokwisha kuzoeleka, ikapata wateja, ajira na watetezi.

Watu watakaolala jirani na baa hiyo si kundi moja, na napenda bodi iwafikirie mmoja mmoja. Wapo wanafunzi wa darasa la saba na wa kidato cha nne ambao mitihani yao ya mwisho wa mwaka haiangalii kama mtahiniwa alilala. Wapo wauguzi na walinzi wanaoingia zamu za usiku na kulala mchana. Na wapo wavuvi wa dagaa, ambao watu wa mijini huwasahau: hawa huvua kwa taa usiku wa giza na kulala mchana, kisha mwezi unapokuwa mkubwa hubaki nyumbani na kulala usiku kama wengine. Kwa hiyo, muziki wa mchana wa Jumapili, ambao wengi wetu tungeuona hauna madhara, unamwondolea mvuvi usingizi wake wa pekee. Siamini kwamba bodi ingeweza kulijua hili kwa kusoma fomu.

Suala la pili, na kwangu ndilo zito zaidi kwa muda mrefu ujao, ni ufukwe wenyewe. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, Namba 20 ya mwaka 2004, kinakataza shughuli za kudumu za binadamu, au zile ambazo kwa asili yake zinaweza kuathiri hifadhi, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari, ziwa la asili au mto. Nimewasikia watu wakitetea kwamba jengo la nguzo za mbao na makuti si la kudumu, kwa hiyo sheria hailigusi. Wanasoma nusu ya kifungu. Jengo la makuti lenye vyoo, jiko, jenereta na mamia ya watu kila mwisho wa wiki ni shughuli ambayo kwa asili yake inaugusa ufukwe, hata kama nguzo zake zinaweza kung'olewa kwa siku moja.

Tena, mita 60 hizo zinapimwa kutoka wapi? Hapa Mwanza swali hilo si la kitabuni. Mwezi Mei mwaka 2020 Ziwa Victoria lilipanda mpaka likavuka rekodi iliyokuwa imedumu tangu mwaka 1964, na mwaka 2024 likapanda tena. Waliokuwa wamejenga karibu na maji, yakiwamo maeneo ya starehe na nyumba za watu wa kawaida, walishuhudia ziwa likiingia ndani. Shimo la maji taka lililochimbwa mita chache kutoka ukingo wa maji wakati ziwa limeshuka litakuwa ndani ya ziwa likipanda, na kilichomo ndani yake kitakwenda kule ambako tunachota. Mpimaji anayechukua ukingo wa maji wa mwezi wa kiangazi kama mpaka wa kudumu wa ziwa hajapima ufukwe wetu.

Na ndiyo, tunachota humo. Maji ya mabomba ya jiji hili yanatoka ziwani, kwenye vyanzo vya Capri Point na Butimba, na wapo wakazi ambao bomba likikauka hushuka na ndoo zao ufukweni moja kwa moja. Kwa miaka kadhaa sasa fedha nyingi za umma zimetumika kuunganisha nyumba za milimani na mabomba ya maji taka, kwa sababu magari ya kunyonya vyoo hayawezi kupanda huko na kwa sababu vyoo vya milimani vilikuwa vikishuka ziwani mvua iliponyesha. Itakuwa ajabu sana kama juhudi zile za kuzuia uchafu wa mlimani tutazifuata kwa kuruhusu chanzo kipya cha uchafu kilicho palepale kwenye maji. Baa inayouza bia kwa watu 200 inahitaji vyoo vingi na imara, na niseme wazi jambo ambalo kila mtu analijua: vyoo vikiwa vichache au vichafu, wanaume huelekea majini gizani. Kanda yetu inakijua kipindupindu, na inakijua kichocho. Hatuhitaji kufundishwa upya.

Halafu kuna swali la ufukwe ni wa nani. Asubuhi kina mama huanika dagaa hapo, wavuvi hushona nyavu zao, watoto hucheza, mitumbwi huvutwa nchi kavu. Hakuna anayewalipisha kiingilio. Baa ikishapata leseni, hatua inayofuata ni uzio, kwa sababu za usalama wa wateja, kisha mlinzi, kisha kibao. Hapo kina mama wa dagaa watahamia kwenye kipande kinachobaki, nacho kitakuwa kikipungua kadiri maombi mengine yanavyofuata, maana leseni ya kwanza katika ufukwe wa makazi huwa ndiyo hoja ya leseni ya pili. Naiomba bodi isiitazame baa hii kana kwamba itakuwa ya mwisho.

Nisingependa nieleweke kwamba nawapinga wafanyabiashara. Mwombaji ana haki ya kutafuta riziki, na katika mji ambao vijana wengi hawana kazi, mtu anayeahidi kuajiri wahudumu, wapishi, walinzi na wachoma nyama anastahili kusikilizwa kwa heshima. Wavuvi wetu watapata pa kuuzia sato na sangara bila dalali. Bodaboda watapata abiria. Halmashauri itapata ada na ushuru wake. Haya yote ni kweli na nayapa uzito. Lakini mengi kati yake yanapatikana kwa mgahawa wa samaki unaofungwa saa nne usiku na usio na spika za nje, na ni sehemu ndogo tu ya faida hizo inayotegemea muziki wa saa nane usiku. Wanaozungumzia ajira wawafikirie pia mabinti wanaohudumia mezani, ambao baa ikifungwa usiku wa manane hulazimika kurudi kwao peke yao kwa bodaboda. Saa ya kufunga iliyo mapema inawalinda hao pamoja na majirani.

Jambo la usalama majini nalitaja kwa ufupi kwa kuwa halihitaji hoja nyingi. Mtu aliyelewa hapimi kina, na ziwa letu huzamisha hata wasiokunywa. Baa yoyote itakayoruhusiwa karibu na maji iwe na kizuizi kati ya meza na maji, taa zinazomulika ukingo, maboya ya kuokolea, na mtu anayejua kuogelea akiwa zamu muda wote ambao pombe inauzwa. Kama gharama hiyo ni kubwa mno kwa mwombaji, basi eneo hilo si la baa.

Yapo ambayo bodi inaweza kuyafanya hata kwa sheria tuliyo nayo, bila kusubiri Bunge. Leseni ya vileo kwetu hutolewa kwa miezi sita, kisha huombwa upya. Wengi tumezoea kuiona miezi sita hiyo kama usumbufu wa kulipa ada mara mbili kwa mwaka, kumbe ndiyo nafasi bora kuliko zote ambayo mwananchi anayo. Kila baada ya miezi sita bodi ina uwezo wa kuuliza: malalamiko yalikuwa mangapi, yaliandikwa wapi, vipimo vya kelele vilisemaje, shimo la maji taka lilinyonywa lini na risiti iko wapi. Tatizo ni kwamba malalamiko hayaandikwi. Mtu humpigia simu mwenyekiti wa mtaa usiku wa manane, mwenyekiti humpigia meneja, muziki hupunguzwa kwa dakika 20, na asubuhi hakuna kumbukumbu yoyote. Ofisi ya mtaa ikiwa na daftari moja la malalamiko, lenye tarehe, saa na sahihi, na daftari hilo likawa linaletwa mezani kila leseni inapoombwa upya, mwenye baa atakuwa na sababu ya kujidhibiti mwenyewe bila kusubiri polisi.

Msimamo wangu juu ya maombi yaliyopo, basi, ni kwamba yasikubaliwe kama yalivyo. Jengo liko karibu mno na maji, liko karibu mno na nyumba, na wakazi hawakuitwa. Ukweli kwamba fedha zimeshatumika usiwe hoja, kwa sababu aliyezitumia alijua kwamba hana leseni. Iwapo mwombaji atakuwa tayari kurudi nyuma ya mita 60, kujenga tangi la maji taka lisilovuja na linalofikiwa na gari la kunyonya, na kuomba leseni ya mgahawa badala ya baa ya muziki wa wazi, mimi binafsi nitakuwa wa kwanza kuhudhuria mkutano wa mtaa na kusema apewe miezi sita ya kwanza tumtazame. Najua wapo majirani zangu ambao hata hilo hawatalikubali, wakiwamo wale wasiotaka pombe iuzwe karibu na nyumba zao kwa sababu za imani, nao wana haki ya kulisema hilo mkutanoni na likaandikwa kwenye muhtasari kama walivyolisema.

Kwa bodi ninaomba mambo machache yaliyo ndani ya uwezo wake. Isimamishe ujenzi mpaka itakapoamua. Itembelee eneo hilo mara mbili, mchana kwa ajili ya vipimo vya ardhi na usiku kwa ajili ya kelele, na ipande mlimani mpaka kwenye nyumba za safu ya tatu na ya nne badala ya kuishia kwenye kiwanja. Iutake muhtasari wa mkutano wa wakazi wenye mahudhurio na sahihi zao, na isiridhike na barua ya kiongozi mmoja. Na tarehe ya kikao chake ikishapangwa, ibandikwe ofisi ya mtaa, mwaloni na kwenye vioski vya maji, angalau wiki mbili kabla, na kikao kifanyike alasiri, ili wanaotoka ziwani alfajiri na wanaorudi kutoka zamu za usiku wawe wameshalala, wameshaamka, na wanaweza kuja kusema yao.

Wako,
Mkazi wa ufukweni,
Mwanza